Kikohozi cha Baba Mkwe Dirishani

Mpendwa Mama Sikitu,

Salaam nyingi kutoka huku kwetu Rungwe ambako mvua haijakatika tangu Jumapili. Sijawahi kuandika gazetini wala sikudhani ningeandika, ila wewe nakusoma kila gazeti linapofika na basi la kutoka Mbeya, hata likiwa limechelewa siku mbili na mtu ameshafungia maandazi, nalikunjua nasoma upande wako kwanza, na nimeona unavyowasema watu bila kuwaficha, basi nisaidie na mimi, uniseme ukitaka, maana huku sina wa kumwambia neno hili hata mmoja.

Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na sita, mzaliwa wa Suma, nimeolewa mwaka wa tano huu karibu na Lupepo, nina mtoto mmoja, Hosea, wa miaka mitatu na nusu. Mume wangu Gidion alikuwa fundi mitambo kwenye kiwanda cha chai, kikauzwa kwa wenyewe wapya, wakapunguza watu, naye akapunguzwa, akaenda Tunduma kutafuta maisha mpakani, anarudi mara moja kwa miezi mitatu na mche wa sabuni na vitenge, akilala siku mbili huyo ameondoka. Mimi nilipata nafasi ya chuo kusomea usaidizi wa maabara na Gidion hakunizuia, Mungu ambariki kwa hilo, na sasa niko kwenye mafunzo ya vitendo, wenyewe tunaita fildi, miezi sita, katika hospitali moja ya huku ambayo jina lake naomba nilimeze. Naishi kwa wakwe, asubuhi natembea kwenda kazini, siku nikibahatika napanda lori la chai. Hapa ndipo kazi yangu inaanzia, nikifaulu nimeingia, nikianguka sina pa kurudi, maana mama yangu alishafariki na kwetu Suma amebaki kaka na mke wake.

Mama, kazi hii naipenda. Siku ya kwanza nilipoonyeshwa vijidudu vya malaria kwenye hadubini nilisahau kula mchana. Msimamizi wangu, Bwana Ackson, fundi sanifu wa maabara wa miaka mingi, ni mtu mkavu, hacheki wala hasifii, lakini wiki ya saba alitazama slaidi yangu ya damu, akaita wauguzi wawili waje waone damu inavyotakiwa kutandazwa kwenye kioo. Siku hiyo nilirudi nyumbani natamani nimwambie mtu, nikamwambia Hosea, naye akaniuliza kama hao wadudu wanauma, basi, habari yangu ikaishia hapo.

Maana watu wameniacha, Mama. Tangu nilipoanza kuvaa koti jeupe, wanawake bombani wakiniona naja wanapunguza sauti, wanadhani ninajua damu ya kila mtu, nani ana ule ugonjwa wa siku hizi na nani hana, na mimi siwezi kusema najua wala siwezi kusema sijui, kwa sababu yote mawili ni jibu. Neema, rafiki yangu niliyesukana naye nywele tangu nilipofika hapa kama bibi harusi, alikuja siku moja hospitali na karatasi yake, nikampima kama ninavyowapima wote na sikutoa neno kwa mtu, lakini tangu siku ile akiniona njiani anakumbuka kitu amesahau nyumbani. Hospitali nako wauguzi wana kundi lao, maabara iko mwisho kabisa nyuma ya stoo, mchana nakula ndizi zangu za kuchemsha kwenye ngazi peke yangu natazama mvua. Kuna siku inapita bila mtu kuniita jina.

Sasa ndiyo nifike kwenye lenyewe. Sijui wewe ni kabila gani, labda kwenu halipo, lakini kwetu mkamwana na baba mkwe hawaonani. Si ugomvi, ni heshima. Nikisikia anakuja njiani naingia migombani nampisha, nageuza uso, najifunika kanga, jina lake silitamki, sipiti alipokaa, vitu vyake sishiki, na tangu nilipoolewa sijasema naye neno hata moja. Wapo vijana pale Tukuyu mjini wanaosema hayo ni ya zamani na sisi ni Wakristo, lakini baba mkwe mwenyewe ni mzee wa kanisa na bado anayafuata, na mimi nimelelewa hivyo hivyo, siwezi kujidai. Uso wake naujua kwenye picha ya harusi tu. Ninachokijua kwake ni kikohozi. Akikaribia uwanja wetu anakohoa mara moja, kifupi, kunijulisha kwamba anakuja nijisogeze, na miaka yote hii hajawahi kunikuta ghafla hata siku moja.

Kwa hiyo mwaka huu alipoanza kukohoa zaidi, asubuhi mara tatu, baadaye mara kumi, mimi mwenzako nilidhani ananiheshimu tu. Nilidhani kila kikohozi ni changu. Nikawa nakimbilia migombani na ndoo ya maji kichwani hata mara nne kwa asubuhi moja, mpaka Hosea akawa ananicheka, na mimi mwanafunzi wa maabara, nimefundishwa dalili zote za kifua kikuu kwa mpangilio wake, haikuniingia akilini.

Wiki tatu zilizopita Bwana Ackson alikwenda Mbeya siku mbili kufuata dawa za maabara, na mwenzake yuko likizo ya uzazi, nikabaki peke yangu. Asubuhi ile nikasikia kikohozi kwenye benchi la nje. Nilikitambua kabla mtu hajasema neno. Mara karatasi ya daktari ikaingizwa dirishani, kupima makohozi, vikopo vitatu, na jina lake juu.

Mama, Bwana Ackson alinifundisha jambo moja wiki ya kwanza, alinisimamisha pale pale dirishani akaniambia, "Mate ni mate, makohozi ni makohozi. Ukipokea mate ukaandika hakuna kitu, umemwua mgonjwa kwa kalamu." Ndiyo maana kikopo hakitolewi hivi hivi, unatoka na mgonjwa nje penye hewa, unamwelekeza avute pumzi ndefu mara mbili, akohoe kutoka chini kabisa kifuani, na akileta mate unamrudisha akajaribu tena. Hayo nimewafanyia watu zaidi ya mia. Siku ile nilijifunika kanga kichwa na uso, nikatoa mkono tu dirishani na kikopo, nikanyamaza. Wagonjwa wote huuliza wafanyeje, yeye hakuuliza. Alisimama kidogo, nikasikia fimbo yake kwenye sakafu, akaenda. Aliporudisha kikopo nikafungua. Yalikuwa mate, meupe, mepesi, yana mapovu.

Nilijua. Sitakudanganya kwamba sikujua. Lakini kumrudisha maana yake nimfungulie mlango nimtazame baba mkwe wangu usoni na kumwambia hicho ulichotema hakitoshi, tema tena, na mimi nikimwangalia anavyotema. Sikuweza. Nilipaka yale mate kwenye kioo, nikatia rangi nyekundu, nikapitisha moto, nikaosha, nikatia ya buluu, yote kwa utaratibu kama mtu anayefanya kazi ya maana, nikatazama, hakuna kitu. Kesho yake asubuhi akaleta cha pili, mate. Baadaye siku hiyo hiyo akaleta cha tatu, mvua ikipiga bati hata husikii, mate tena. Nikaandika kwenye daftari na kwenye karatasi ya daktari hakuna vimelea mara tatu, nikaweka sahihi yangu.

Jioni nilipofunga mlango nikakuta mwavuli wake umeegemezwa pale nje, ule mweusi wenye mpini wa mti, ameusahau, uzee huo Mama. Nikaushika kwa kanga nisiuguse, nikaenda nao umekunjwa kwenye mvua, nikalowa, maana asubuhi nilitoka bila mwavuli, nikiona aibu njia nzima, nikautundika kwenye msumari nje ya nyumba ya mama mkwe. Mpaka leo uko pale pale, hajautaka wala hakuna aliyeutaja.

Daktari aliisoma karatasi yangu akamwandikia sindano za siku saba, akamwambia ni kifua cha kawaida, ni baridi. Sindano zimekwisha. Juzi nimemkuta mama mkwe anafua kitambaa, akakisukuma chini ya nguo nyingine, akasema Hosea ametoka damu puani. Hosea hakutoka damu puani. Na huyo Hosea, Mama, ndiye anayeshinda kwa babu yake, anakula naye sahani moja, analala kitandani kwake, kwa sababu mimi niko kazini na mtoto anampenda babu kuliko mtu yeyote.

Mwisho wa mwezi huu Bwana Ackson anajaza kitabu changu cha mafunzo na kutia sahihi. Nikimwambia, najua hataweka sahihi, na chuo kitaniuliza, na maji yakishamwagika hayazoleki. Nikisema nyumbani, itajulikana kwamba nimeshika mate ya baba mkwe na kuyatazama kwenye hadubini, aibu yake itakuwa kubwa kuliko kunikuta uso kwa uso, na majirani watasema ni ule ugonjwa. Gidion nimemwandikia barua mbili nikazichana. Nimefikiria niache mafunzo nirudi Suma na mtoto wangu, angalau yeye awe mbali na kikohozi kile. Nimefikiria ninyamaze, labda ni baridi kweli. Asubuhi nikimsikia anakohoa bado naingia migombani, nasimama pale na ndoo, nalia, natoka. Niambie nifanye nini, na jina langu usilitoe.

Mkamwana, Rungwe


MAMA SIKITU ANAJIBU

Mkamwana wangu, pole. Hiyo ni pole ya kwanza. Ya pili utaipata mwishoni, hapa katikati nina maneno na wewe.

Majina yote nimeyabadili, hata la mtoto, na nimemwomba mhariri barua yako itoke wiki hii hii, yule mwenye barua ya mume anayeficha redio atanisubiri. Lakini hebu tazama tarehe. Uliandika, posta ikachukua siku sita, mimi nimeisoma leo, gazeti litafika kwenu likiwa limefungia maandazi, kama unavyosema. Siku zote hizo mzee anakohoa na mtoto yuko kitandani kwake. Umeandika kurasa tano kwa mwanamke wa Dar es Salaam usiyemjua, na mtu mwenye ufunguo wa kabati la vikopo unakaa naye chumba kimoja kutwa. Haya.

Nilikuwa muuguzi wa wodi ya kifua miaka kumi na saba kabla sijaanza kazi hii ya kusoma machozi ya watu. Kwa hiyo usinieleze rangi nyekundu na rangi ya buluu, nazijua, zilinichafulia gauni nyingi. Nami najua kile Bwana Ackson wako anachokijua, kwamba anayepokea mate kwa kutojua anafundishwa, na anayepokea mate huku anajua ameshachagua. Wewe ulijua mara ya kwanza. Ukajua mara ya pili. Mara ya tatu ukatia sahihi. Uliogopa uso wa mkweo kuliko ulivyoogopa kumzika, na hilo lazima nikwambie kwa sababu hakuna mwingine atakayekwambia, wewe mwenyewe umesema huna mtu.

Unataka kuacha mafunzo ukimbilie Suma na mtoto. Ukikimbia, yule mzee atabaki na karatasi yenye sahihi yako inayosema mara tatu hana kitu, na kila daktari atakayemwona ataanza kwa kuisoma hiyo. Hujaondoka na shida yake, umemwachia. Na mtoto unayemkimbiza ameshalala pale miezi, naye anatakiwa kupimwa, Suma hakuna kikohozi lakini pia hakuna hadubini.

Basi sikiliza, na ufanye kwa mpangilio huu.

Ukimaliza kusoma hapa, mfuate Bwana Ackson. Usianze na machozi, ukianza na machozi atakuletea maji ya kunywa na maneno yatakwama. Anza na neno lenyewe. Mwambie, "Yapata mwezi sasa nilipokea mate mara tatu nikijua ni mate, mgonjwa ni baba mkwe wangu, naomba aitwe tena." Kisha funga mdomo. Atakasirika. Acha akasirike, ana haki. Usimwambie ulichanganyikiwa, usimwambie hukuona vizuri. Pengine hatatia sahihi mwisho wa mwezi. Pengine atakuongezea miezi mitatu. Miezi mitatu si kaburi, mwanangu, nimewaona waliorudia mwaka mzima na leo ndio wanaosimamia wenzao. Na pengine, mimi simjui huyo bwana lakini watu wakavu wa aina hiyo nimefanya nao kazi sana, pengine atafungua daftari aandike mwenyewe kwamba vipimo vile virudiwe, asikuambie neno, kesho yake akupe kazi ngumu zaidi. Kwa mtu kama huyo, kazi ngumu ndiyo kukuamini.

Unasema maji yakimwagika hayazoleki. Ya kisimani, sawa. Lakini haya ni mate, na kikopo kipya kipo kabatini.

Siku mzee atakapokuja, apokelewe na Bwana Ackson, aelekezwe na Bwana Ackson, wewe kaa ndani ufanye kazi nyingine. Na hili ulishike maisha yako yote ya kazi. Utafanya maabara mpaka ustaafu, na wakwe watakuja, na mashemeji, na wifi mliyegombana naye, na Neema. Siku yoyote atakayefika mtu ambaye huwezi kumtazama usoni, iwe ni kwa mwiko au kwa hasira au kwa mapenzi, unamwambia mwenzako, huyu mpokee wewe. Kama uko peke yako unamwambia daktari, au unamwita muuguzi yeyote kutoka kwenye lile kundi lao amwelekeze mgonjwa. Angekuja, nakuhakikishia, sentensi moja tu. Hukumwita kwa sababu umezoea kutoita mtu.

Mtoto atoke kwenye kitanda cha babu leo. Usimtoe kwa kelele wala kwa kumtisha, mwambie unaogopa baridi, unataka kulala naye. Madirisha ya nyumba ile yafunguliwe mchana hata kama mvua inanyesha. Mtoto na mama mkwe wapimwe pia. Kama ni kifua kikuu, dawa zake hazitozwi, zinamezwa miezi minane bila kuruka, na mtu anapona, nimewatoa wodini wakitembea ambao tulishawahi kuwapimia urefu wa jeneza kwa macho. Majirani watasema ni ule ugonjwa. Waache waseme. Kifua kikuu kilikuwepo kabla bibi yangu hajazaliwa.

Kwa Gidion usichane barua tena. Andika fupi, baba anaumwa kifua, njoo. Mtoto wa kiume ana kazi yake katika jambo hili na si ya kuleta vitenge.

Kuhusu Neema. Mfuate kwake Jumamosi. Usimgusie habari ya hospitali hata kidogo, wala usimwambie kwamba hukusema, atajua unaifikiria. Mwambie nywele zako zimeharibika na hujapata wa kukusuka tangu mwezi ule. Ukae chini akusuke. Mtu akishashika kichwa chako saa mbili hawezi kuendelea kukuogopa.

Sasa limebaki la mzee mwenyewe, namna ya kumrudisha hospitali bila kuvunja mwiko. Na hapa, mkamwana, nimeisoma barua yako mara tatu, kwa sababu kuna kitu umekiandika mwenyewe kwa mkono wako na hukukiona.

Unasema alikusikia umenyamaza dirishani, asiulize afanyeje, na wagonjwa wote huuliza. Unasema ulijifunika kanga. Kanga ipi? Bila shaka ile ile unayojifunikia nyumbani miaka yote, anayoiona ikiingia migombani kila asubuhi. Mtu aliyekaa miaka mitano akijifunza kukukwepa anaujua mkono wako kuliko anavyoujua wa mtoto wake. Alijua ni wewe, mama. Alijua tangu kikopo cha kwanza. Hakuuliza kwa sababu angeuliza ungelazimika kujibu, akaona afadhali ateme anavyojua yeye. Mmeheshimiana pande zote mbili mpaka ugonjwa ukapita katikati yenu.

Na mwavuli hakuusahau. Mtu wa Rungwe asahau mwavuli wakati mvua inapiga bati? Angesahau fimbo, angesahau kofia, mwavuli asingesahau. Alikuona asubuhi umekuja mikono mitupu, akaondoka na kifua kile kwenye mvua ile akakuachia. Halafu wewe ukaenda kuutundika nje kwenye msumari, na yeye anaupita kila siku hautaki, kwa sababu alishautoa. Ndiyo sababu haukuulizwa.

Hii ndiyo pole ya pili niliyokuahidi. Unasema siku zinapita hakuna anayekuona. Yuko mmoja aliyekuona, na ndiye yule usiyeruhusiwa kumtazama.

Kwa hiyo mwiko usiuvunje. Mimi si wa kabila lenu lakini nimefanya kazi na wauguzi wa huko, na nimewaona wakwe zao walivyoweza kusemezana bila kusemezana, mtoto anawekwa katikati. Siku utakayokuwa umeshamaliza na Bwana Ackson, jioni, mzee akiwa amekaa kwake, toa mwavuli kwenye msumari umpe Hosea aupeleke. Wewe simama nyuma ya ukuta, mgongo umegeuza, umejifunika kanga yako ile, useme na mwanao kwa sauti ambayo mzee atasikia. Mwambie babu, mama anasema ndaga, ile asante ya kwenu, kwa mwavuli. Mwambie babu, vile vikopo nilikosea mimi, sikumwelekeza, na nilikuwa najua. Mwambie babu arudi kesho, yuko Bwana Ackson atampokea, na mwavuli auchukue kwa sababu njia ni ndefu na mimi nataka arudi nyumbani.

Hosea atachanganya maneno, hana neno, mzee atakuwa ameshasikia. Usimtume mtu mwingine na usiondoke mbio. Kaa hapo hapo nyuma ya ukuta usubiri kidogo. Atakohoa. Kitakuja kile kirefu cha ugonjwa, subiri kimwache. Baada yake kitakuja kimoja, kifupi. Hicho ndicho chako.